Barua ya Kontrakta

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Watu wa Tabora tunapenda sana kuulizana hayo, wewe wa wapi, baba yako nani, babu yako alikuja na msafara gani, na mwisho tunawajua wazee wa mtu kuliko tunavyomjua mwenyewe. Mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na minne, meza yangu ikiwa nje ya mlango wake, na ninachokijua nilikiona kutoka kwenye meza ile. Jina lake pia nitaliacha. Mji mzima ulimwita Kontrakta, hata baada ya kampuni yake ya ujenzi kuchukuliwa na umma na yeye kubakizwa pale pale kama meneja wa mshahara. Mimi nilijaribu kumwita Bwana Meneja kwa wiki moja, akaniuliza kama tumekosana.

Sasa ni marehemu, lakini sikukaa hapa kumsifu kwa sababu ni marehemu. Nilimkosea. Kosa lenyewe ni barua ya ukurasa mmoja, nami nitaifikia, maana nimeikwepa vya kutosha.

Mafundi wengine hutazama tofali. Yeye alilisikiliza. Akifika saiti alikuwa hasalimii mtu kwanza. Anakwenda moja kwa moja kwenye rundo, anachomoa matofali mawili ya katikati, si ya juu waliyomwekea makusudi, anayagonganisha mara moja. Yakilia vizuri anayarudisha kwa adabu. Yakitoa mlio mzito wa kufa anasema, "Bado," na rundo zima linarudi tanuruni. Ndipo sasa anawageukia watu na kuwasalimu, wazee wa Kinyamwezi kwa mwangaluka, sisi wa mjini kwa salamu aleikum, na kuulizia watoto mmoja mmoja kwa majina.

Hilo "bado" lilituchosha. Nyumba imekwisha, mafundi wamejipanga kusubiri kusifiwa, yeye anazunguka na timazi yake ya kupimia kuta, anapiga chafya kwa vumbi, anasema bado. Mkewe alituambia kwamba hata mchuzi aliuonja akasema bado, mpaka siku moja mama wa watu akamwachia jiko akaenda kwa dada yake Kitete siku tatu. Aliporudi alimkuta amepika wali mwenyewe, na wali ulikuwa bado kweli.

Alikuwa mchoyo wa saruji kupita kiasi. Mifuko mitupu ilikung'utwa, kilichotoka kikachekechwa, na ole wake kibarua aliyeacha zege likauke kwenye karai. Lakini mchoyo huyo huyo ndiye aliyejenga tangi la maji la madrasa, vyoo vya shule ya misheni, ukuta wa makaburi, na lile banda la kupikia la ndugu wa wagonjwa kule hospitali ya Kitete, ambako kabla yake watu walikuwa wakipika mvuani. Yote hayo Jumamosi, na mafundi wake mwenyewe, na hakukubali jina lake liandikwe popote. Nyumbani kwake ukuta wa nyuma ulikaa bila lipu miaka ishirini. Ukimuuliza anasema upande ule anauona mkewe tu, na mkewe ameshamzoea.

Alikuwa na hasira za papo hapo. Asubuhi atamtukana fundi mbele ya watu kwa ajili ya kona iliyopinda nusu ya kidole, mchana utamwona amepeleka kapu la maembe mabichi na samaki wa Malagarasi nyumbani kwa fundi yule yule. Kuomba radhi kwa mdomo hakujua. Nadhani hata hakujua kwamba kuna watu wanaoomba hivyo.

Kila kamati ya mji ilimtaka, naye aliingia katika zote na kulala katika zote. Alilala kweli, kidevu kifuani, kofia imemshukia. Sisi tunahutubiana, tunapitisha maazimio, tunapigiana makofi. Ikifika mahali pa kunyoosha mikono anafumbua macho na kuuliza, "Nani atachota maji?"  Na ni kweli, tulikwisha jenga zahanati nzima kwa maneno na hakuna aliyefikiria maji ya kukorogea zege yatatoka wapi. Wanawake wa mtaa wa Ipuli ndio waliomjibu mara moja, wakasema maji watachota wao kama atawafundisha kujenga pia. Waume zao walicheka. Yeye hakucheka, akawafundisha, na nyumba zao kadhaa zimesimama mpaka leo.

Zilipokuja siku za Azimio la Arusha mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi pale ofisini na balozi wa nyumba kumi mtaani, na nilijiona ndiye niliyekabidhiwa nchi. Siku kampuni ilipochukuliwa nilisoma tangazo mimi, kwa sauti kubwa. Nilitaka alie, au agombe, nipate kumwita mnyonyaji usoni. Akatoa funguo zote, kila moja imefungwa kikaratasi cha kuonyesha ni ya wapi, akauliza kesho aripoti saa ngapi. Mnyonyaji nilimwita vile vile, mkutanoni, bila kumtaja jina. Akapiga makofi pamoja na wenzake.

Ukweli nilikuja kuuona baadaye, nao ulinitia uchungu: alikuwa mjamaa kuliko sisi tuliokuwa tukipayuka. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya alikwenda akalala nao kwenye vibanda vya nyasi, akapima viwanja kwa kamba, akawaonyesha upepo unatoka wapi ili moshi wa jiko usiwaue. Kitu kimoja tu kilimshinda. "Karani," aliniambia siku moja, "watu wanasikia mkutano. Zege halisikii." Maneno hayo niliyachukulia kama kejeli kwa Chama na nikayaweka moyoni.

Kijiji ninachokusudia kilikuwa magharibi ya mji, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Kontrakta alikipenda kwa sababu ya njia ile. Alisema ardhi iliyokanyagwa na wapagazi miaka yote hiyo imejishindilia yenyewe, ukichimba msingi jembe linakataa. Shule ilikuwa ndiyo jengo la kwanza la kudumu: sisi tulete mafundi, mabati na mbao za kenchi za paa, wanakijiji walete matofali na nguvu zao. Msimamizi alikuwa mwalimu mkuu, kijana mrefu, mlinda mlango wa timu yao ya mpira, mtu wa kucheka. Ni yeye peke yake kijijini aliyeweza kusoma ramani ya jengo. Kontrakta alimpenda waziwazi, akimsifu mpaka sisi wa ofisini tukaona wivu.

Sasa, kule ni nchi ya tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto kwenye yale majumba marefu wanayoyaita mabani, na bani hula kuni mchana na usiku. Mwaka ule kijiji kilikuwa na lengo la tumbaku na lengo la shule, na msitu ulikuwa mmoja. Wakagawa kuni. Mabani yakapata zake na tanuru la matofali likapata nusu ya zile lilizostahili. Matofali yakatoka mekundu ya kupendeza. Kontrakta alikuwa ameshikwa na kazi nyingine, na alipofika kukagua, mwalimu hayupo siku hiyo, kuta zilikuwa zimeshafika kwenye linta, ile boriti ya zege ya juu ya madirisha.

Alirudi mchana na matofali mawili mapajani, ndani ya kitambaa chake cha kufutia jasho. Akaweka moja mezani pangu, akalipasua kwa nyundo juu ya karatasi zangu. Nje jekundu, ndani kijivu, udongo usioiva, ukavunjika kwa ukucha. Hakusema bado. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwa akifanya, akanitamkia barua nikipiga chapa.

Ilikuwa kwa mwalimu mkuu. Ilisema madarasa mawili ya upande wa magharibi watoto wasiingie. Yabomolewe mpaka msingi, yajengwe upya kwa matofali atakayoyapima yeye mwenyewe, na kuni za tanuru atazileta kwa lori letu. Ilisema anajua watu wamechoka. Na mwisho: "Ukiulizwa, usijitetee. Sema nimekukataza mimi." Akatia saini, akaniambia inatoka na lori la kesho, maana posta haikuwapo kule na barua zote tulizituma kwa mkono wa dereva. Jioni ile yeye alikuwa anapanda treni kwenda Kigoma, kazi ya miezi miwili. Akaniuliza, "Itafika?" Nikamwambia itafika, mzee.

Yaliyokuwa kichwani mwangu ni haya. Sabasaba ilikuwa karibu, na mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam alikuwa aje kuifungua shule ile. Mimi, mbele ya mkutano mkubwa, kwa niaba ya wafanyakazi, nilikuwa nimeahidi kwamba itakuwa tayari. Makofi yale niliyasikia masikioni kwa wiki nzima. Tena nikajiambia mzee ana lake, kampuni imemtoka mkononi, sasa anachelewesha maendeleo ya watu kwa kisingizio cha tofali.

Karani hachani barua. Tulifundishwa hivyo: karatasi iliyotiwa saini haiharibiwi. Lakini karani ana njia yake. Mezani kwangu palikuwa na trei mbili, moja ya Zinazotoka na nyingine ya Zinazosubiri. Barua ikiwekwa kwenye Zinazosubiri hakuna aliyeikataa, inasubiri tu. Nusu ya nchi ilikuwa imelala kwenye trei kama zile. Asubuhi dereva alikuja, nikampa hati za mabati na misumari, akauliza kama kuna barua ya kijijini. Nikasema leo hakuna.

Nilikusudia iende baada ya sherehe. Naapa nilikusudia. Sherehe ilikuwa nzuri, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa, na mimi nilikaa safu ya pili na suti mpya. Mwalimu alinijia akanishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru. Baada ya hapo ningemwandikia nini? Kwamba nilijua, nikamwacha aingize watoto? Barua ikatoka kwenye trei ikaingia kwenye mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo, na nakala yake nikaitoa kwenye faili.

Kontrakta aliporudi kutoka Kigoma, hata mkoba hajaweka chini, aliuliza kama mwalimu alipata barua. Nikasema alipata. Akauliza kama wamebomoa. Nikasema wanashughulikia, mzee. Akafurahi. Alitaka kwenda kuona, lori likawa halina matairi, tairi likapatikana, mvua zikakata njia. Aliniamini, na alikuwa na haki ya kuniamini, kwa kuwa kabla ya siku ile sikuwahi kumdanganya. Kila asubuhi nilikuja kazini nimeazimia kumwambia. Kila jioni niliondoka nikijipongeza kwamba angalau kesho nitamwambia.

Ukuta wa magharibi uliteremka Januari, mvua ya siku tatu, saa ya hesabu. Mwalimu alisikia linta inaachia. Aliwatoa watoto wote dirishani, wengine akiwatupa, kama arobaini hivi, na hakuna hata mmoja aliyeumia zaidi ya michubuko. Yeye ndiye aliyebaki ndani. Walimtoa hai, lakini miguu haikumbeba tena tangu siku hiyo.

Ikaundwa kamati, watu watatu kutoka nje. Kontrakta alieleza kwa maneno machache kwamba aliandika barua ya kukataza. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mtunza faili. Jibu langu nilikuwa nimelichagua tangu jana yake, neno kwa neno, lisiwe uongo. "Haimo kwenye faili, ndugu mwenyekiti." Na kweli haikuwamo. Kontrakta alinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kama karani anasema haimo, basi haimo."

Akaondolewa. Hawakumfunga, lakini mji ulimhukumu kwa namna yake. Mkewe akiwa bombani wenzake walikuwa wakimaliza kuchota haraka. Waliomwita Jumamosi awajengee wakawa wanaita wengine. Na ofisini, kwa mwaka mzima, aliyekaimu kiti chake ni nani? Mimi. Nilikalia kiti kile na funguo zikiwa bado na vile vikaratasi vyenye mwandiko wake.

Yeye, umri ule, alichukua mwiko akajenga nyumba Ipuli, kwa mikono yake, tofali kwa tofali, bila ngazi hata moja, mteremko mlangoni, milango mipana ya kupita kiti cha magurudumu. Alipomaliza alimhamishia mwalimu humo. Watu wakasema, mnaona, anajua alilolifanya. Niliyasikia hayo barazani kwa muuza kahawa, mara nyingi, kikombe mkononi. Nilikunywa kahawa yangu nikainuka. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Barua nilihama nayo nyumba tatu, ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya watoto. Mke wangu alidhani ni hati ya shamba.

Miaka ikapita, nikastaafu, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri wakanifanya katibu wa kamati ya madrasa. Tulikuwa tunatafuta fundi wa kuongeza madarasa. Akaja kijana kuomba, fundi safi, kazi zake tumeziona. Alikuwa mjukuu wa Kontrakta. Babu yake amekaa pembeni, safari hii hakulala. Mzee mmoja akasema watoto wetu hawawezi kuwekwa chini ya ukuta wa ukoo ule. Hakuna aliyepinga. Kijana akakusanya ramani zake akaaga kwa heshima, shingo imemlegea. Nami niliandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba ombi limekataliwa. Kalamu ilikuwa yangu tena. Nilirudi nyumbani nikalifungua sanduku la bati.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikaichukua ile barua. Nyumbani kwake wakaniambia yuko Ipuli kwa mwalimu, kila Ijumaa huenda huko kukarabati hiki na kile. Nilimkuta barazani amechuchumaa, anapigilia ubao wa mteremko uliokuwa umelegea. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu, anapapasa msumari kwanza kwa kidole. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba karani, kama vile tuliachana jana.  Nikamwekea bahasha mkononi.

Hakuifungua. Aliipapasa pembe zake, akaisogeza karibu na jicho, akalitafuta jina lililoandikwa juu.  Nilisema, mzee, nimekuja unisamehe.

"Hii si yangu," akasema, akanirudishia. "Mimi nilishaituma. Mwenyewe yumo ndani."

Akarudi kwenye ubao wake. Nilisimama pale, nikitumaini atasema niende kesho, au ataingia pamoja nami. Akapigilia msumari mwingine. Kutoka ndani mwalimu aliuliza ni nani huko nje, akakaribisha kabla hajajibiwa, kwa sauti ile ile ya kucheka.

Nikaingia. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasahihisha madaftari ya watoto wa jirani, nywele zote nyeupe. Alifurahi kuniona. Aliniuliza hali ya nyumbani, akaomba radhi kwamba chai haijachemka. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akaifungua taratibu, akaisoma kama anavyosoma mwalimu, kidole kikitembea chini ya mistari. Alipofika mwisho alirudi akasoma tarehe. Kisha akaitazama miguu yake, akaisoma tena yote tangu mwanzo.

Barazani nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Ilikwama wapi hii?" akaniuliza. Aliuliza kwa upole, akidhani naleta kitu nilichokiokota mahali.

"Kwangu, mwalimu," nikasema.